Safari ya gari ya siku moja kutoka Nairobi: Magadi au Kinangop?

Mkazi wa Kasarani

Habari zenu, ndugu wasafiri. Shule zitakapofungwa mwezi wa Agosti ningependa kuwatoa wanangu wawili pamoja na mama yangu mzazi nje ya jiji kwa siku moja, tukitumia gari letu dogo la kawaida. Mama ana umri wa miaka 71 na magoti yake hayamruhusu kutembea mwendo mrefu, kwa hiyo kupanda Longonot au kushuka korongo la Hell's Gate hakumfai. Anachokipenda ni kukaa dirishani akitazama nchi inavyobadilika, na popote gari linaposimama huanza kuuliza jina la kila mti na kila ndege. Naivasha tumeizoea, na mwisho wa juma barabara ile hujaa malori hata nusu ya siku ikaishia kwenye foleni. Natafuta njia ambayo mwendo wenyewe una cha kutazama tangu mwanzo hadi mwisho. Nimesikia zikitajwa barabara ya Magadi na ile ya Kinangop. Ni ipi ingetufaa?

Msafiri wa Bondeni

Mpe mama shikamoo yangu. Kwa maelezo uliyotoa, mimi ningeshika barabara ya Magadi.

Kutoka mjini unapita Ongata Rongai na Kiserian, unapanda bega la milima ya Ngong mpaka Kona Baridi, na hapo Bonde la Ufa linafunguka mbele yako lote kwa mara moja. Simamisheni gari pembeni, mshuke, msikie upepo. Kuanzia hapo barabara inateremka kutoka mwinuko wa takriban mita 2,000 hadi mita 600 hivi, wala haiteremki kwa mkupuo mmoja. Ardhi ilipokuwa ikitanuka na kupasuka, vipande vyake vilididimia kimoja baada ya kingine, ndiyo maana unashuka mteremko, unavuka uwanda, kisha unashuka tena. Kila mnapofika uwanda mpya, mwambie mama atazame miti, kwa maana imekwisha badilika. Huko juu kuna migunga mifupi yenye vinundu vyeusi vilivyotobolewa na sisimizi. Upepo ukivipitia vitundu hivyo, mti mzima hupiga mluzi. Watoto waviangalie kwa karibu lakini wasitikise tawi, kwa sababu sisimizi hao hutoka kwa wingi kuulinda mti wao, na hata twiga hawamalizi kula hapo kwa raha. Chini zaidi majani yanapungua, udongo unakuwa mweupe, na mbuzi wa Wamaasai wanalala kwenye kila kivuli kinachopatikana.

Takriban kilomita 65 kutoka Nairobi mtafika Olorgesailie, mahali ambapo wanaakiolojia Louis na Mary Leakey walianza kuchimba katika miaka ya 1940. Msipapite. Shoka za mawe zimeachwa palepale zilipokutwa, mamia kwa mamia, na unazitazama ukiwa juu ya daraja la mbao lililoinuliwa kidogo kutoka ardhini. Ukiinama utaona kingo zilivyochongwa pande zote mbili hadi zikakutana kwenye ncha, na baadhi ni kubwa mno hata mtu hushangaa zilishikwa na mkono wa namna gani. Waliozitengeneza waliishi kando ya ziwa ambalo sasa halipo, na vumbi jeupe unalokanyaga ni mabaki ya mwani mdogo mno ulioishi katika maji ya ziwa hilo. Mama anaweza kutembea sehemu ya kwanza tu, kisha akapumzika kivulini, na asikose cha maana.

Magadi kwenyewe mtaliona ziwa kutoka juu kabla hamjalifikia: jeupe, na mahali pengine la waridi, rangi inayotokana na vijidudu vinavyostawi katika chumvi nyingi. Magadi inavunwa hapo na kusafirishwa kwa reli. Kandokando ya ziwa, mahali zinapotoka chemchemi za moto, huishi samaki wadogo wanaostahimili maji ya zaidi ya nyuzi 40 za Selsiasi, na maji hayohayo mafupi ndiyo yanayowavuta heroe na ndege wengine wenye miguu mirefu. Lami inaishia mjini. Mkitaka kwenda mbele mpaka chemchemi, tafuteni kijana wa hapo awaongoze, kwa sababu ukoko wa chumvi unaoonekana mgumu unaweza kuwa tope chini yake.

Mtazama Ndege

Ninaipenda Magadi, lakini ninyi mnampeleka mama wa miaka 71 kwenye mojawapo ya sehemu zenye joto kali kabisa nchini, saa za mchana, kwa gari dogo. Naomba mwifikirie Kinangop.

Mtapita Limuru na msitu wa Kinale, mnunue karoti na viazi Soko Mjinga, kisha mchepuke mahali paitwapo Flyover kuelekea Njabini, Ol Kalou na Nyahururu, milima ya Nyandarua ikiwa upande wenu wa kulia karibu njia nzima. Uwanda huo ndio makao ya ndege ambaye hapatikani popote duniani ila Kenya, Macronyx sharpei: kifua cha manjano, mgongo wa hudhurungi wenye michirizi, na ukucha mrefu wa nyuma unaomwezesha kutembea juu ya mafungu ya nyasi ngumu. Anazihitaji nyasi hizo hasa, zikilimwa, huondoka. Na zinalimwa kila mwaka, kwa kuwa ardhi ile ni mali ya wakulima wenye watoto wa kusomesha, nami siwezi kumlaumu mtu kwa kupanda viazi katika shamba lake. Nature Kenya, chama kilichoanzishwa mwaka 1909, kimenunua vipande vya ardhi huko ili nyasi zibaki. Endesheni polepole mtazame mahali shamba la kabichi linapopakana na malisho: upande mmoja wa seng'enge kuna ndege, na upande wa pili hakuna hata mmoja. Sijui darasa la mazingira linaloeleweka na mtoto kwa wepesi kuliko hilo.

Nyahururu kuna maporomoko ya Thomson, mita 74, na yanaonekana vizuri kutoka juu bila kushuka ngazi yoyote.

Mkazi wa Kasarani

Nawashukuru nyote wawili. Mama amesomewa majibu yenu na ameyapenda yote, jambo ambalo halinisaidii kuamua. Wasiwasi wangu ni huo wa joto, maana ana shinikizo la damu.

Dereva wa Kiserian

Ndugu yangu, tazama kwanza mwezi unaosafiri. Januari na Februari ningekuambia uende Kinangop, kwa sababu hewa ya nyanda za juu huwa safi wakati huo, na Magadi huwaka moto. Agosti mambo hugeuka. Ukungu hushuka Kinale asubuhi hata usione taa za gari lililo mbele yako, na kule juu mnaweza kushinda siku nzima milima ikiwa imefunikwa na mawingu. Huku kwetu Kiserian tunavaa masweta, lakini ukishateremka Kona Baridi unakuta jua na anga wazi. Joto la Magadi bado lipo, ila ndio msimu wake wa nafuu.

Kwa ajili ya mama, ondokeni Kasarani kabla ya mapambazuko. Mfike Magadi mapema, mtazame heroe kabla jua halijawa kali, kisha mrudi Olorgesailie mpumzike kivulini saa za mchana. Yaani pale mwenzetu aliposema msipapite, ninyi mpaachie safari ya kurudi. Ikiwa daktari wake amemkataza joto, geuzeni gari hapohapo Olorgesailie, kwa kuwa sehemu kubwa ya mteremko mtakuwa mmekwisha kuiona. Jazeni mafuta Kiserian, mbebe maji mengi kuliko mnayodhani mtakunywa, na mhakikishe gurudumu la akiba lina upepo. Wakati wa kupanda, mkiona mshale wa joto la injini unainuka, zimeni kipoza hewa na mfungue madirisha. Jitahidini mwe mmefika Kona Baridi kabla ya saa kumi na mbili jioni, kwa sababu saa hizo ng'ombe wanarudishwa bomani na wengi hupita barabarani.