Ikiwa gesi ajizi hazimenyuki, XeF4 inatoka wapi?

Mwanafunzi wa Kidato cha Tano

Shikamooni walimu. Tulifundishwa kwamba gesi ajizi, yaani heliamu, neoni, argoni, kriptoni, zenoni na radoni, haziungani na elementi nyingine kwa sababu ganda la nje la atomu zake limekwisha kujaa elektroni. Hata hivyo, katika maswali ya marudio nimekuta swali linalotaka umbo la molekuli ya XeF4. Ganda lililojaa linapataje kuungana na atomu nne za florini? Na kwa nini huulizwa zenoni, isiwe neoni?

Mwalimu wa Kemia

Marahaba. Kujaa kwa ganda hakuna maana kwamba elektroni zake haziondoki kabisa, bali kwamba kuziondoa kunadai nishati nyingi, na kiasi hicho hutofautiana sana kati ya gesi na gesi. Kuondoa elektroni ya kwanza ya heliamu huhitaji kilojuli 2,372 kwa moli, ya neoni 2,081, ya argoni 1,521, ya kriptoni 1,351, ilhali ya zenoni ni 1,170 tu, kwa kuwa elektroni zake za nje ziko mbali na kiini na zinakingwa na maganda mengi ya ndani.

Takwimu hiyo ya mwisho ndiyo iliyomwongoza Neil Bartlett, mwanakemia Mwingereza aliyekuwa katika Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada. Alikuwa amekwisha kubaini kwamba heksafloridi ya platini, PtF6, huweza kuipokonya elektroni hata molekuli ya oksijeni, ambayo huhitaji takriban kilojuli 1,165. Alipoona kwamba zenoni inakaribiana mno na oksijeni, akaamua kujaribu. Mwezi Machi 1962 alivunja kizuizi cha kioo kilichotenganisha mvuke mwekundu wa PtF6 na zenoni isiyo na rangi, na papo hapo ikajitenga dutu yabisi ya manjano, bila kupashwa joto lolote. Mimi huwasisitizia wanafunzi hoja iliyotangulia jaribio hilo kuliko jaribio lenyewe, kwa sababu Bartlett hakubahatisha.

Mkemia wa Maabara

Naomba kuongeza kwamba dutu ile ya manjano ilikuja kuonekana kuwa mchanganyiko wa kampaundi kadhaa, wala si XePtF6 pekee kama ilivyodhaniwa mwanzoni. Kampaundi uliyoulizwa, XeF4, ilitengenezwa mwaka huohuo katika maabara ya Argonne, Marekani, kwa kupasha zenoni na florini nyuzijoto 400 za Selsiasi ndani ya chombo cha nikeli, zikapatikana fuwele zisizo na rangi.

Kuhusu umbo, zenoni ina elektroni nane katika ganda la nje. Nne hushiriki katika bondi nne, na nne zinazobaki hukaa jozi mbili, moja juu na nyingine chini, hivyo atomu za florini hulazimika kulala kwenye bapa moja, katika pembe za mraba. Watahiniwa wengi hukosa alama hapa kwa kuzisahau jozi hizo mbili na kuchora umbo la metani, ambalo atomu zake nne za nje hazilali kwenye bapa moja.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tano

Nashukuru sana, sasa nimeelewa. Je, argoni nayo imewahi kuungana na kitu? Na radoni, ambayo iko chini zaidi ya zenoni, si ingepaswa kumenyuka kwa urahisi zaidi?

Mwalimu wa Kemia

Argoni imewahi, kwa shida kubwa. Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finlandi, walitangaza HArF, kampaundi ya hidrojeni, argoni na florini, ambayo hudumu katika baridi kali mno tu na huvunjika joto likipanda kidogo. Kuhusu radoni umefikiri sawasawa: huhitaji kilojuli 1,037 tu, na imethibitishwa kwamba huungana na florini. Kinachowazuia wanakemia kuichunguza kwa kina ni kwamba ni nururishi, na hata isotopu yake inayodumu kuliko zote, radoni-222, hupungua kwa nusu kila baada ya siku 3.8.