Miguu ukutani: mbona ganzi?

Swali: Wadau, kulala chali miguu ikiwa ukutani baada ya kazi kunaleta ganzi hata kabla ya dakika 10. Kasoro iko wapi?

Jibu: Makalio yamekaribia mno ukuta, nyuma ya mapaja kunavutika. Sogea nyuma sentimita 15, legeza magoti, weka blanketi lililokunjwa chini ya nyonga. Ganzi ikianza, shusha miguu hapo hapo, usivumilie.

Jibu: Na pumzi! Vuta kwa hesabu 4, toa kwa 6. Kutoa pumzi taratibu ndiko kunakotuliza mapigo ya moyo. Jifunike khanga, mwili uliotulia hupoa, na baridi hukaza misuli upya.

Jibu: Mwenye presha ya macho amwone daktari kwanza, tafadhali. Kuinuka: geukia ubavu, subiri kidogo, ndipo ukae.