Mliopigwa kamera ya utumbo mpana huku mna shida ya kufunga choo, tupeane uzoefu

Wakuu, habari za jioni. Naanza mimi, maana nimepimwa mara mbili, na mara ya kwanza kipimo kiliharibika kwa aibu yangu mwenyewe.

Nesi aliniuliza, "Choo unapata vizuri?" Mlango wazi, foleni nyuma yangu, nikajibu, "Ndiyo, dada." Ukweli napata siku ya tano au ya sita, tena kwa jasho. Nikapewa dawa ya kawaida ya kunywa ya kusafisha utumbo, lita mbili usiku na lita mbili alfajiri. Nikaharisha mpaka miguu ikatetemeka, nikajua nimemaliza. Kumbe maji yalikuwa yanapita pembeni, mzigo wenyewe umetulia mle ndani. Daktari hakufika mbali. Akanionyesha picha, kama mtaro baada ya mvua. "Hapa hata uvimbe mdogo ungekuwepo, mama, nisingeuona."

Mara ya pili nilisema yote. Wakanianzisha vidonge vya bisakodili, vile vya kusukuma choo, siku tatu kabla, wakanikataza dona, maharage, mchicha, mapera na pasheni. Nikala wali mweupe, mayai na samaki wa kuchemsha. Siku moja kabla ni chai ya rangi, supu iliyochujwa na madafu tu. Dawa lita nne zilezile. Safari hii mwishoni nilitoa maji ya njano kama mkojo, weupe wa sinki unauona. Nanyi je?

Mpwa wa Pangani: Pole mkuu. Mimi kilichonishinda ni ladha, chumvichumvi halafu inateleza. Glasi ya tatu nikatapika. Nikapumzika nusu saa, dada akaiweka kwenye friji, nikaendelea kwa mrija huku nanyonya ndimu. Na mafuta ya mgando wekeni karibu. Kufikia mara ya kumi, karatasi inakuwa msasa.

Mzee wa Mbagala: Hiyo dozi ya alfajiri ndiyo inanitisha. Unapandaje daladala na tumbo la namna hiyo?

Mpwa wa Pangani: Mzee wangu, niliomba kipimo cha saa tano, nikaamka saa kumi na moja kunywa. Mpaka saa tatu choo kilikuwa kimenyamaza. Ila suruali ya pili nilibeba. Na uende na mtu, ile dawa ya usingizi inakurudisha nyumbani umelewa.

Shangazi wa Likoni: Miye nilikuwa natumia tembe za kuongeza damu. Daktari akaniambia niziache wiki nzima kabla, kwani zafanya choo kiwe cheusi na kigande kwenye utumbo. Nisingeuliza nisingejua, karatasi waliyonipa haikuwa na neno hilo. Juisi nyekundu pia nilikatazwa, kwenye kamera yafanana na damu.

Kijana wa Sinza: Bi mkubwa wangu ana sukari, na choo anapata mara moja kwa wiki. Anapimwa Jumatano ijayo. Insulini anachoma kama kawaida na hali kitu?

Mwanzisha mada: Usikisie, kaka. Wapigie leo uulize insulini, dawa za presha na za kuyeyusha damu kama anatumia. Hiyo ya mara moja kwa wiki waambie kwa maneno hayohayo. Figo zikiwa na shida sema pia, kuna dawa za kusafishia zenye fosfeti, hazimfai mwenye figo mbovu. Na akinywa, tumbo likavimba na kuuma, anatapika na chini hakitoki kitu, asiendelee. Mpelekeni.

Kijana wa Sinza: Nimeshapiga. Vidonge anaanza Jumamosi, sio Jumanne kama walivyoandika mwanzo, na ya insulini nafuata maelekezo kesho. Bi mkubwa kaninunia, anasema nimemtangazia choo chake hospitali nzima.