Tupeane uzoefu: wanafunzi tuliojitolea kwa watoto kwa msukumo wa imani, tulikutana na nini?

Mwanafunzi wa Tudor
Assalamu alaykum, na amani iwe kwa ndugu zangu wa dini nyingine. Ninasomea ustawi wa jamii hapa Mombasa, na kila Jumamosi mimi na wenzangu tuliosoma madrasa moja huenda mtaa wa Bangladesh, kule Mikindani, kuwafundisha watoto kusoma na kuhesabu. Kilichonisukuma kuandika ni orodha ya michango iliyopitishwa chuoni kwetu kwa ajili ya kuzuru makao ya watoto kabla ya Idi, ambamo fedha za mpigapicha zimezidi fedha za madaftari. Tangu nikiwa mdogo nimefundishwa kwamba Sura ya Al-Maun inamtaja anayemsukuma yatima kuwa ndiye anayeikadhibisha dini, kwa hiyo siwezi kulichukulia jambo hili kama matembezi ya mwisho wa juma. Nikijaaliwa kuhitimu, hii ndiyo kazi ninayotaka kuifanya maishani. Walionitangulia, tafadhali nielezeni yaliyowakuta, hasa yale ambayo hayaelezwi darasani.

Mwana wa Likoni
Naafiki kabisa. Nimemwona mtoto akirudishwa kushika tena mfuko wa unga kwa sababu picha ya kwanza ilimkata kichwa mgeni aliyeutoa.

Kijana wa Kongowea
Dada yangu, nakuheshimu, lakini usituhukumu. Mimi ni miongoni mwa walioandaa orodha kama hizo. Anayetoa shilingi yake ana haki ya kuona imefika wapi, na katika mji ambao watu wengi wamedanganywa kwa jina la yatima, picha ndiyo inayotulinda sisi tunaokusanya. Bila ushahidi, mwaka unaofuata hupati hata gunia moja la mchele.

Mwalimu wa Madrasa, Kisauni
Wanangu, pande zote mbili mna hoja, ila naona mmechanganya mambo mawili. Katika Al-Baqara, aya ya 271, Mwenyezi Mungu hakukataza kutoa sadaka kwa dhahiri, bali amesema kwamba kuificha na kuwapa mafakiri ni bora zaidi. Na ndugu zetu Wakristo wameambiwa kwamba mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kulia. Ushahidi wa fedha ni risiti ya duka na sahihi ya aliyepokea. Uso wa mtoto si risiti. Mtoto huyo atakuwa mtu mzima, ataoa au ataolewa, na picha yake akiwa amenyoosha mikono itakuwa bado inazunguka kwenye simu za watu wasiomjua.

Shemasi wa Changamwe
Mada hii imenirudisha kwenye usiku ambao siwezi kupita Marikiti bila kuufikiria. Nilikuwa mwanafunzi, na vijana wa parokia yetu tulikuwa tukipeleka chai ya maziwa na mkate kwa watoto waliokuwa wakilala kwenye vibaraza vya maduka karibu na soko. Alikuwepo mvulana mmoja mdogo wa umbo, aliyevaa sweta la shule lenye mikono iliyompita vidole, na ndani ya mkono wa kushoto alificha chupa ya gundi, akiivuta kwa namna ya mtu anayepangusa pua. Kila mara aliomba vipande viwili vya ziada vifungwe kwenye gazeti, na hakuvigusa mpaka mdogo wake atoke alikokuwa akiombaomba.

Jioni hiyo hakuja kwenye foleni. Aliyekuja ni mdogo wake, akamvuta shati mwenzetu mmoja bila kusema neno, nasi tukamfuata hadi nyuma ya vibanda vya matunda, tukamkuta kaka yake amelala juu ya maboksi, mwili umekakamaa, macho yamegeuka, mapovu yanamtoka. Dereva wa kwanza wa tuktuk alikataa kumbeba kwa kuogopa kwamba angefia humo. Mzee mmoja muuza manukato, Mwislamu, ambaye hatukuwahi kusemezana naye zaidi ya salamu, alifunga duka lake, akavua kikoi alichojitupia begani akamfunika mtoto, kisha akasimama barabarani mpaka tuktuk nyingine iliposimama.

Zahanati ya kwanza, ambayo ni ya binafsi, ilitufungia lango. Mlinzi alidai malipo ya awali na mzazi wa kutia sahihi. Mwenzetu aliyekuwa akisomea sheria alimweleza kwamba Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 43, inasema wazi kuwa hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Mlinzi akajibu kwamba yeye ameajiriwa kulinda lango. Nakiri sijawahi kusikia hasira ya namna ile kifuani mwangu. Tuliondoka tukaenda hospitali ya umma, na huko muuguzi wa zamu alimpokea mtoto kutoka mikononi mwetu, akamlaza ubavu na kuanza kumhudumia kabla hajatuuliza jina lake wala nani atalipa.

Tulikaa ukumbini usiku kucha. Yule mzee aliswali pembeni, mimi nilikuwa na rozari, na mdogo wa mgonjwa alilala katikati yetu, bado ameshika mkate wake ndani ya gazeti. Niliomba, na sikuomba kwa maneno ya kwenye kitabu. Nilimwuliza Mungu ni ya nini imani yangu ya kila Jumapili ikiwa mtoto anaweza kufa kwa kukosa mtu mzima wa kumtilia sahihi.

Mvulana alipona. Asubuhi tulimwita afisa wa watoto, naye kwa kupitia chifu na wazee wa mtaa akampata mama yao huko Mariakani, mwanamke aliyekuwa akiwatafuta tangu walipomkimbia baba wa kambo. Msidhani mambo yalinyooka hapo. Mkubwa alitoroka tena zaidi ya mara moja kabla ya kutulia. Leo ni fundi wa kuchomea vyuma na ana watoto wake. Mdogo alichelewa kuingia shule kwa sababu hakuwa na cheti cha kuzaliwa, na karatasi hiyo ilitusumbua kuliko usiku ule wote.

Mwana wa Likoni
Shemasi, umeniliza. Yule mzee wa manukato bado yupo?

Shemasi wa Changamwe
Alifariki, Mungu amrehemu. Nilihudhuria maziko yake.

Kijana wa Kongowea
Zahanati hiyo ni ipi? Itaje hapa hadharani ili watu wajihadhari.

Shemasi wa Changamwe
Sitaitaja, ndugu yangu. Yalishapita, na wahudumu waliopo leo huenda si wale.

Kijana wa Kongowea
Kunyamaza kwa namna hii ndiko kunakowapa wengine ujasiri wa kufunga malango.

Mama wa Majengo
Mimi swali langu ni jingine. Kwa nini watoto hao hawakuchukuliwa nyumbani kwa muumini yeyote usiku huohuo? Nilipokuwa msichana, mtoto aliyekutwa amekaa kizingitini aliogeshwa, akapewa kanzu ya mtoto wa nyumbani, akala, na maswali yakaja baadaye. Mwanafunzi, ukimkuta mtoto barabarani, mpeleke kwa mama yako. Usingoje ofisi ifunguliwe.

Mstaafu wa Ustawi wa Watoto
Mama, naijua huruma yako, lakini kwa heshima zote nakuomba usimpe binti huyu ushauri huo. Nimefanya kazi hii hadi kustaafu. Mtu anayemchukua mtoto wa mwenzake bila kuripoti, hata akiwa na nia njema kama malaika, anaweza kujikuta akijibu mashtaka, na huku mama mzazi yuko kituo kingine cha polisi akilia. Njia ni hii: piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ambayo ni bure na hupokewa mchana na usiku, au nenda kituo cha polisi kilicho karibu, au kwa afisa wa watoto. Sheria ya Watoto ya 2022 imeweka maslahi ya mtoto mbele ya kila kitu, na hayo yanaanza kwa kumtafutia jamaa zake.

Ndiyo sababu nawasihi pia vijana mnaopenda kufungua makao mapya mkihitimu. Serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto mwaka 2017, na mkakati wa kitaifa ulioanza 2022 unalenga kuwarudisha watoto kwenye familia na jamii. Watoto wengi niliowakuta kwenye makao walikuwa na mzazi au jamaa aliye hai. Walichokosa nyumbani ni karo, chakula au usalama. Fedha ya kumlisha mtoto mmoja kwenye makao, ukimpa bibi yake akawekeza kwenye biashara ya viazi karai, huenda ikawalisha watoto wote wa nyumba hiyo.

Mama wa Majengo
Mwanangu, ofisi zenu zinatuambia njoo kesho, na mtoto ana njaa leo. Nitampa chakula na malazi kwanza, kisha nitapiga hiyo 116 akiwa amelala kwangu.

Mstaafu wa Ustawi wa Watoto
Piga kwanza, Mama, kisha umpe chakula ukiwa unangoja. Hapo hatuna ugomvi.

Kijana wa Kongowea
Na mimi niulize jambo ambalo watu wanalikwepa. Ikiwa imani ndiyo iliyonituma, kwa nini nifiche? Tukienda kugawa chakula nataka na neno la Mungu lisemwe, la sivyo sisi ni sawa na shirika lolote lile.

Mwalimu wa Madrasa, Kisauni
Neno lisemwe kwa watoto wa nani, na kwa idhini ya nani? Hapa kwetu jambo hili lina historia. Katika miaka ya 1870 wamisionari wa Kianglikana walianzisha makazi ya Frere Town kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani, wakiwemo watoto, na kengele yao ndiyo iliyolipa jina eneo la Kengeleni. Walipewa hifadhi, shule na dini kwa pamoja, na vizazi vyao wanajivunia urithi huo, nami nawaheshimu. Lakini wazazi wengi wa Kiislamu mjini waliogopa shule za misheni kwa sababu hiyohiyo, na watoto wao wakabaki nyuma kielimu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, alipochapisha gazeti lake la Al-Islah mwaka 1932, alikuwa akiwahimiza Waislamu waamke na waelimike bila kuiacha dini yao. Mtoto mwenye njaa hawezi kukataa mahubiri, kwa hiyo usimhubirie akiwa ameshika sahani yako. Mwombe mzazi wake ruhusa siku nyingine, naye akikataa, sahani iendelee kuja.

Shemasi wa Changamwe
Naungana na Mwalimu neno kwa neno. Waraka wa Yakobo unasema dini iliyo safi ni kwenda kuwatazama yatima na wajane katika dhiki yao, na mwandishi hakuongeza sharti la wao kusali nawe.

Kijana wa Kongowea
Mimi bado nina maoni yangu, ila hoja ya sahani nimeisikia.

Mwanafunzi wa Tudor
Nawashukuru nyote, nami nimeyasoma maneno ya Shemasi mara kadhaa. Naomba turudi kwenye suala la karatasi, kwa sababu limenigusa moja kwa moja. Katika darasa letu la Jumamosi kule Bangladesh yuko msichana anayesoma vizuri kuliko wote, anayeandika jina lake kwenye jalada la daftari kwa herufi za mapambo na kulizungushia maua kwa kalamu nyekundu. Hana cheti cha kuzaliwa; alizaliwa nyumbani, na mama yake aliambiwa na mtu kwamba wakati umekwisha. Je, ni kweli?

Mstaafu wa Ustawi wa Watoto
Si kweli, binti yangu. Baada ya miezi sita huhesabiwa kuwa usajili uliochelewa, ambao una karatasi zaidi na ada, lakini haukatazwi. Mama aende kwa chifu au naibu wake na kitambulisho chake, pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto kama ipo. Na ujue kwamba elimu ya msingi ni haki ya kila mtoto, kwa hiyo cheti kishughulikiwe akiwa darasani.

Mama wa Majengo
Nenda naye wewe mwenyewe. Mama maskini akienda peke yake ataambiwa arudi wiki ijayo. Akiwa na mwanafunzi mwenye kalamu mkononi anasikilizwa.

Mstaafu wa Ustawi wa Watoto
Aende naye, lakini mama ndiye aseme. Kesho na keshokutwa atakwenda peke yake.

Mwana wa Likoni
Sisi tulimsajili mdogo wetu akiwa tayari shuleni. Kadi ya chanjo ndiyo iliyotusaidia, kwa hiyo mwulize mama kama bado anayo, hata ikiwa imechanika.