Inveta ya 5kVA imekufa: nibadilishe na ipi kwa paneli tisa na betri moja ya lithiamu?

Mama Vifaranga (Njombe)

Kamwene wakuu. Wa Nyanda za Juu mtaitikia, wengine shikamooni au mambo vipi, kila mtu achukue inayomfaa.

Inveta yangu, kile kifaa kinachogeuza umeme wa sola na betri uwe wa kutumika nyumbani, imekufa. Ni ile ya zamani ya 5kVA, 48V, iliyofungwa tulipohamia nyumba hii. Ilizima asubuhi moja mwezi wa saba, jua limeshachomoza, nikasikia "pa!" kutoka stoo, basi. Fundi wa hapa mjini kaifungua, kaninusisha, harufu ya kuungua tupu. Kasema ni radi. Dukani wameniambia nisipoteze hela kutengeneza, wana mpya ya 6.2kW: "Mama, unachomoa hii unachomeka ile, nyaya hizo hizo." Mimi mtu akiniambia jambo ni rahisi kiasi hicho huwa nashika pochi kwa mikono miwili.

Nilichonacho: paneli tisa za wati 330, zimeungwa tatu tatu kwa sirizi (moja nyuma ya nyingine), kisha makundi matatu yakaunganishwa paraleli (sambamba). Kijana wangu kapanda na simu kapiga picha stika ya nyuma: Voc 46.2V (volti bila mzigo), Vmp 37.8V (volti ikibeba mzigo), Isc 9.2A (ampea zake za juu). Paneli mbili za mwisho zinapata kivuli cha parachichi kuanzia saa tisa hivi. Betri ni moja, lithiamu 51.2V 100Ah, bado nzima. Mzigo ni friji, friza, taa, TV, pampu ya kisima ya HP 1, na mashine ya kutotolesha ya mayai 528. Hiyo mashine ndiyo inayoninyima usingizi, hayo mengine tutavumilia.

TANESCO ninayo. Tangu Bwawa la Nyerere lianze kuzalisha, mgao sijausikia, ila laini yetu inapita katikati ya miti ya mbao na upepo ukivuma tunakaa giza hadi watu wa dharura wafike. Na uniti kwa shilingi 356 nataka mchana sola ibebe nyumba. Nishaurini.

Kaka_Umeme

Chukua 6.2kW mama, usiwaze. Kubwa ni kubwa. Kesho ukinunua kiyoyozi itabeba.

Mama Vifaranga (Njombe)

Kiyoyozi Njombe, mwanangu? Tunalala na mablanketi matatu.

Fundi wa Makambako

Kamwene mama. Kabla ya inveta mpya tuizike vizuri ya zamani, maana ukinunua nyingine bila kujua iliyotangulia ilikufa na nini, unaweza kurudi dukani mapema.

Umesema mwezi wa saba, asubuhi, jua limetoka. Radi gani hiyo ya mwezi wa saba Njombe? Huo ni msimu wa umande kuganda kwenye majani, mvua hakuna. Hebu angalia ubavuni mwa inveta kama kuna stika, tafuta palipoandikwa kiwango cha juu cha volti za sola. Nyingi za kizazi hicho ni 145V. Paneli zako tatu kwa sirizi ni 46.2 mara 3, yaani 138.6V. Kwenye karatasi zinaingia. Lakini hiyo Voc ya kwenye stika imepimwa seli zikiwa nyuzi 25. Seli zikipoa volti zinapanda, kadiri ya asilimia 0.3 kwa kila nyuzi moja. Asubuhi ya nyuzi 2 ni tofauti ya nyuzi 23, karibu asilimia 7. 138.6 inakuwa 148. Umeshavuka. Aliyekufungia alipiga hesabu ya Dar es Salaam akaifunga Njombe. Siapi kwamba ndiyo iliyoua, bodi sijaiona, ila ningekuwa mimi ningeishuku hiyo kabla ya radi.

Sasa hiyo "nyaya hizo hizo" ya dukani. Inveta nyingi za siku hizi, hizo za 5kW kwenda juu, upande wa sola zinataka volti kubwa. Growatt SPF 5000 ES kwa mfano inafanya kazi kati ya 120V na 430V, mwisho wake ni 450V. Paneli zako tatu zikibeba mzigo zinatoa 37.8 mara 3, yaani 113V, na bati likipata moto saa saba mchana zinashuka hadi kama 100V. Asubuhi itaona 138 bila mzigo, na hata ikiamka, ikianza kuvuta volti zitaanguka chini ya 120, italala. Itaamka tena. Utakuwa na inveta mpya, paneli tisa, na unanunua LUKU kama zamani. Dukani watakuambia paneli zimechoka.

Kwa hiyo paneli lazima ziungwe upya, ukichukua yoyote ya namna hiyo. Zote tisa kwenye mstari mmoja ni 415.8V, na kwa baridi yenu ni 444.5V. Kwenye inveta yenye mwisho wa 450V unabakiwa na volti tano na nusu. Sikufungii hiyo, labda tuache paneli moja nje, ziwe nane: 370V, kwa baridi 395V, salama. Ukitaka zote tisa tafuta inayovumilia 500V. Deye SUN-5K-SG03LP1 ni ya namna hiyo, na ina njia mbili za sola. Usijaribiwe kugawa tano na nne, hizo nne zikipata joto zitakuwa chini ya 150V ambapo njia yake inaanza kufanya kazi vizuri. Tisa mstari mmoja inatosha, ampea zako hazifiki 10.

Parachichi usilikate. Kila paneli ina dayodi za kupitisha umeme pembeni pakiwa na kivuli. Mbili zikifunikwa, saba zinabaki na kama 265V na kazi inaendelea.

Mama Vifaranga (Njombe)

Fundi, nimetoka stoo sasa hivi na tochi. Stika ipo, imefifia, lakini inasomeka: 145V. Nimekaa chini kwanza.

Parachichi hilo nisingelikata hata ungesema, linanilipa kuliko kuku.

Swali la betri. Yule wa 6.2kW aliniambia inveta kubwa inachaji haraka. Na yangu ni moja tu.

Fundi wa Makambako

Ndiyo sababu nyingine ya kuiacha. Betri yako ni 5.12kWh. Inveta ikitoa 5kW kamili inavuta zaidi ya ampea 100 kutoka kwenye betri. Soma ubavuni mwa betri kiwango cha kutoa, zipo za 50A na zipo za 100A. Ukizidisha, ubongo wa betri unakata wenyewe na nyumba inazima ghafla, mayai na vyote. Kwa betri moja, inveta ya 5kW tayari ni kubwa. Kuchaji weka 50A, isizidi.

Halafu waulize jambo ambalo wauzaji hawapendi: inveta yenyewe inakula ngapi ikiwa imekaa tu? Nyingi za ukubwa huu ni wati 50 hadi 60. Kwa wati 55 ni uniti 1.3 kwa siku, robo ya betri yako. Mchana jua lipo, haiumi. Usiku inauma.

Kabla hujalipa, waoneshe picha ya betri na uombe kuona jina lake kwenye orodha ya betri zinazoongea na inveta hiyo. Waya wa mawasiliano unafanana na wa intaneti lakini mpangilio wa pini hutofautiana kati ya kampuni na kampuni. Zisipoelewana bado inawezekana, unaiweka kwa volti: kujaza 56.0, kushikilia 54.0, kukata 48.0. Hizo ni za betri ya seli 16 kama yako. Mwenye 48V ya seli 15 asizinakili.

Otieno wa Kisumu

Fundi ameongea poa. Mimi naongeza moja tu kuhusu hizi kama hiyo Deye, zinazochanganya stima ya sola na ya gridi. Yangu ilifungwa bila ile sensa ya kubana waya wa mita, na mchana sola ikizidi ilikuwa inasukuma stima nje. Mita ya tokeni haikujua inatoka au inaingia, ikahesabu yote kama nimetumia. Tokeni ziliisha na jua limewaka! Hakikisha sensa imefungwa kwenye waya unaotoka mitani, mshale wake uelekee vile kitabu kinasema, na kwenye seting ukataze kurudisha.

Fundi wa Makambako

Kweli kabisa Otieno. Kama mama hataki habari za sensa, aina ya Growatt niliyotaja hairudishi umeme kwenye gridi hata kidogo. Unaiwekea mpangilio sola kwanza, betri, TANESCO mwisho. Ni rahisi zaidi na bei iko chini, kwa paneli nane. Ya 500V inakupa paneli ya tisa na nafasi ya kuongeza. Kwa nyumba yako mimi ningechukua hiyo ya pili, kwa sababu ya baridi tu, wala si ukubwa.

Pampu ya HP 1 ikiwaka huvuta mara kadhaa ya wati zake 750. Iwashe mchana, friza na mashine zikiwa zimetulia, usiku iache.

Na huyo fundi wako akija kuunga tisa kwa mstari, mwambie hii si 138V tena. Ni 400 na zaidi, ya DC (umeme wa mkondo mmoja, kama wa betri), inaua. Afanye jioni, jua limezama, na asichomoe soketi za paneli zikiwa na mzigo.

Mama Vifaranga (Njombe)

Nimeelewa. Nachukua ya 500V, betri nimeisoma, imeandikwa 100A. Nimerudi tena stoo kuangalia breka ya sola: DC 250V.

Fundi wa Makambako

Hiyo inatoka. Weka ya DC 600V au zaidi, yenye alama za chanya na hasi, na kizuia radi cha DC kando yake. Wakikupa ya AC, yaani ya umeme kama wa TANESCO, kwa sababu "ni ampea zile zile", ondoka dukani.

Mama Vifaranga (Njombe)

Makambako zipo? Jumatano nakuja mnadani.