Mnaomtukana Guehi na mnaomtukana Morsy, wote lenu moja

Wakuu, habari za saa hizi. Kabla hamjaanza kunirushia mawe, mjue mimi ni Mwislamu, tena wa kulala madrasa, na Crystal Palace ya England siyo timu yangu. Nimefungua uzi kwa sababu jana ile picha ya kitambaa cha unahodha cha Guehi imefufuliwa kwenye grupu letu la mpira, na mpaka saa sita usiku watu wazima walikuwa wanatukaniana dini. Watu wenye watoto!

Kwa mliokuwa shamba: mwishoni mwa Novemba 2024 manahodha wa Ligi Kuu ya England walipewa vitambaa vya rangi za upinde wa mvua, kampeni ya kuwaunga mkono wapenzi wa jinsia moja. Marc Guehi, wakati huo nahodha wa Palace, mtoto wa mchungaji, akakivaa, ila juu yake akaandika kwamba anampenda Yesu. Hiyo ni mechi ya Newcastle. FA, chama cha soka cha England, wakamkumbusha yeye na klabu yake kwamba sheria hairuhusu maandishi ya dini kwenye vifaa vya mchezaji. Tarehe 3 Desemba akarudi nacho, safari hii kimeandikwa Yesu anakupenda. Alipoulizwa akajibu kwamba ujumbe wake ni wa upendo, basi.

Sasa nahodha wa timu pinzani siku hiyo alikuwa nani? Sam Morsy wa Ipswich. Mwislamu. Yeye cha upinde hakukigusa kabisa, akavaa cha kawaida, na klabu yake ikasema ni kwa ajili ya imani yake. FA hawakumfungia huyu wala yule. Walikutana pale katikati ya uwanja wa Portman Road kurusha shilingi kama manahodha wengine wote, wakacheza dakika tisini, wakaenda kuoga. Waliogombana ni nyinyi, huku Mbagala.

Maana hiyo mechi niliiangalia banda umiza. Jumanne, saa nne na nusu usiku, Ipswich na Palace, nani anaangalia hiyo kama hana mkeka wa kubeti? Tulikuwa kama kumi na wawili, feni moja, na mwenye banda kashalala kwenye benchi la nyuma na ndoo ya hela kaikumbatia. Jirani yangu, namwita Fundi, kaweka Ipswich. Kamera ilipomvuta Guehi na kile kitambaa, Fundi akaanza: mlokole huyu, uwanja kaufanya kanisa, afungiwe! Ilipokuja zamu ya Morsy, yule yule Fundi akapiga kifua: huyo ndiyo mwanaume, huyo ana msimamo. Pembeni kuna kijana wa kwaya, kajifunga skafu nyekundu ya Palace shingoni sijui kaipata wapi, yeye anageuza maneno hayo hayo kama chapati: Guehi shujaa, Morsy ana chuki, si angevaa tu kama wenzake.

Nikawauliza, jamani, kwani si wote wawili wameweka dini mbele ya kitambaa? Nikaambiwa nisilete uswahili.

Kipindi cha pili Mateta akafunga. Moja bila, mpaka mwisho. Fundi akasimama, kachana kile kikaratasi vipande vinne, kasema, "Yesu wake kanichania mkeka." Banda zima likacheka, na mimi nilicheka, sikatai. Ila nilipofika nyumbani nikajua alichokuwa anakidai Fundi usiku kucha. Dini wala haikumsumbua. Kilichomsumbua ni buku tano.

Na ndivyo mlivyo wengi wenu humu. Mchezaji akipiga ishara ya msalaba akakosa penalti, mnaandika Mungu wake kalala. Akifunga, mnasema ni kafara, kaingia kwa wale jamaa wa pembetatu, Freemason. Kwa hiyo afanyeje? Anyamaze? Akinyamaza mtasema mbona hashukuru.

Halafu mnajifanya ni watu wa sheria! Ohoo, sheria ya nne ya soka inakataza. Haya, inakataza, nimeisoma. Lakini kila msimu hapa kwetu tunasoma Bodi ya Ligi imepiga timu faini kwa kukwepa mlango rasmi wa uwanja, wachezaji wanapitishwa sijui wapi, na sote tunajua wanakwepa nini: ndumba. Hapo hamna povu. Hapo mnaita "mambo ya mpira" na kuweka vikatuni vya kucheka. Imani ya kuruka ukuta ruksa, imani ya kuandika kwenye kitambaa ndiyo inawachoma.

Mimi nimekua na Kaká, yule Mbrazili wa AC Milan enzi zile. Mei 2007, Milan wameipiga Liverpool mbili moja kule Athens, jamaa kapiga magoti na fulana nyeupe yenye maneno ya Kiingereza kwamba yeye ni wa Yesu. Wiki ile ile mtaani kwetu Ngamiani, kule Tanga, mtoto wa ustadhi kachukua mkaa, kaandika maneno yale yale kwenye singlendi yake, herufi mbili kazigeuza, kashinda nayo uwanjani siku nzima anapiga chenga. Hajui maana hata chembe. Aliyemsomea ni baba yake. Zile bakora tulizihesabu kupitia ukutani. Lakini wiki iliyofuata mzee mwenyewe alikuwa anabishana kibarazani kwamba Kaká ni bora kuliko Ronaldo, na fulana hakuitaja.

Najua mtaniletea Folau. Kila mara mnaniletea Folau. Yule wa raga wa Australia, 2019, aliweka Instagram orodha ya watu ambao jehanamu inawasubiri, chama chao cha raga kikavunja mkataba, mwisho wa mwaka wakayamaliza kwa makubaliano. Huyo alinyoosha kidole kwa wengine, na kama mtu alikasirika namwelewa. Guehi kaandika Yesu anakupenda. Mtu anayeona hayo mambo mawili ni sawa, labda kasoma kichwa cha habari tu. Na kama kuna shoga aliyeona kile kitambaa akaumia kwamba siku yake imeandikwa juu, huyo ana haki ya kusema na ningemsikiliza. Tatizo ni kwamba hayupo kwenye grupu letu. Waliopo ni kina Fundi, ambao hao mashoga wenyewe wanawatukana kila siku, leo ghafla wamekuwa mawakili wa upinde.

Nimemaliza, ila la mwisho. Mei 17, 2025, fainali ya Kombe la FA, Palace na Man City, banda limejaa mpaka dirishani. Eze kafunga mapema, Henderson kadaka penalti ya Marmoush, Guehi kabeba kombe, kombe kubwa la kwanza la ile klabu. Naangalia mbele namwona Fundi yuko juu ya kiti, jasho linamtoka, anapiga makofi kama yuko mkutano wa injili. Nikamuuliza, wewe, si huyu ndiye mlokole wako wa kufungiwa?

Akanionyesha simu. Kaweka Palace.