Nesi wa ICU aruhusiwe kumwambia daktari "simama hapo hapo"? Tujadili

Zamu ya Usiku (mleta mada):
Wakuu habari za saa hizi. Mimi ni nesi, mwaka wa tisa huu nipo ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, hospitali siitaji na msinibane. Kuna jambo nimekaa nalo muda mrefu.

Usiku mmoja tuna mgonjwa yupo kwenye mashine ya kupumulia, presha inacheza, dokta akaja kumwekea laini ya shingoni, ule mpira unaoingia kwenye mshipa mkubwa. Kanawa, kavaa gauni, kavaa glavu mpya za kwenye pakiti, kila kitu safi. Sasa wakati anageuka kuchukua sindano nikaona kabisa mkono wa kushoto umegusa chuma cha kitanda. Yeye hajaona. Nikafungua mdomo, nikaufunga. Maana wiki moja kabla mwenzangu alimuuliza huyo huyo kuhusu dozi, akajibiwa mbele ya wanafunzi "sista, udaktari umesomea wapi?" Basi nikampa uzi ashone, nikanyamaza. Siku ya nne mgonjwa homa 39. Inawezekana haihusiani kabisa, homa za ICU zina sababu kibao, ila ile glavu naiona mpaka leo.

Nikaja kukutana na utafiti wa Marekani, wa kule Houston, ulitoka 2003. Waliwauliza madaktari 90 na manesi 230 wa ICU ushirikiano wao ukoje. Madaktari 73% wakasema ushirikiano na manesi uko juu au juu sana. Manesi waliosema hivyo kuhusu madaktari? 33%. Wodi hizo hizo jamani! Manesi wakasema ni ngumu kuongea ukiona tatizo na mkitofautiana mambo hayamalizwi vizuri. Nilicheka peke yangu, kwa sababu dokta wetu naye ukimuuliza atakwambia timu iko poa sana, itaachaje kuwa poa na muongeaji ni yeye.

Kuna dokta mmoja anaitwa Peter Pronovost, wa hospitali ya Johns Hopkins huko huko Marekani, 2001 aliandika orodha ya vitu vitano tu vya kufanya unapoweka hiyo laini, kunawa mikono, kumfunika mgonjwa vizuri, mambo ambayo kila mtu anayajua. Ila nesi akapewa ruhusa kumsimamisha daktari akiruka hatua, na uongozi ukawa upande wa nesi. Wakaipeleka jimbo la Michigan, ICU zaidi ya 100, majibu yakatoka 2006, maambukizi ya laini yalipungua kwa hadi 66%. Sabuni ilikuwepo siku zote wakuu. Ruhusa ndiyo haikuwepo. Mimi nataka na kwetu iandikwe kwenye karatasi, ibandikwe ukutani, na mganga mkuu aisaini.

Dokta wa Mkoani:
Dada pole na hiyo glavu. Ila tusidanganyane, mambo yakiharibika ni mimi naitwa Baraza la Madaktari.

Zamu ya Usiku:
Na mimi naitwa Baraza la Uuguzi na Ukunga. Tofauti ni kwamba nitaulizwa kwa nini sikusema.

Dokta wa Mkoani:
Hapo umenipata. Lakini sikiliza, moyo umesimama, tupo kifuani tunabonyeza, hapo mtu mmoja ndiye anaongoza, sitaki kikao. Halafu kingine ambacho hujakigusa: mgonjwa wa mashine anatakiwa awe na nesi wake peke yake, sisi nesi mmoja ana watatu, siku nyingine wanne. Akisimama kuhesabu hatua zangu tano, wale wengine wanaangaliwa na nani? Hiyo orodha ya Michigan mnaipenda, nami naipenda, ila tuletewe na watu basi.

Mama Wawili:
Naomba niingie kama ndugu wa mgonjwa. Baba alilazwa ICU siku kumi na moja. Nesi wa usiku akaniambia hakulala, alikuwa anavuta mpira wa puani mpaka wakamfunga mikono na bandeji. Asubuhi raundi, dokta dakika tano, nesi kasimama pale pale kwenye miguu ya kitanda kashika faili, hajaulizwa kitu, dokta anaandika "amelala vizuri". Nilimwangalia yule nesi, akaangalia chini. Sasa mimi nisiyejua chochote ndiyo niseme?

Nesi Mstaafu:
Wanangu, mnawasema madaktari, nasi tujiangalie. Nesi mpya akimuuliza nesi mkubwa swali anaitwa mjuaji, ripoti ya zamu inasomwa kama sala, hakuna anayethubutu kukatiza. Huyo huyo kesho mnataka amsimamishe bingwa? Na haya si ya Marekani peke yake. Muhimbili pale ICU walijaribu utaratibu, matokeo yakachapishwa 2015: presha ikifika namba fulani au oksijeni ikishuka kiasi fulani, imeandikwa kabisa ni hatari na kitu gani kifanyike hapo hapo. Kwa hiyo nesi akiita anaita na karatasi mkononi. Ukisema "dokta nahisi" utapuuzwa, ukisema "dokta, namba hii hapa" anaamka.

Zamu ya Usiku:
Bibi nimekuelewa, na la manesi wenyewe ni kweli, linauma. Dokta, la kifuani nakubali, pale amri iwe moja. Ila laini ile haikuwa dharura ya dakika, glavu nyingine zilikuwa kwenye droo. Swali moja tu. Ungekuwa wewe, nikakwambia umegusa kitanda, ungebadilisha au ungeniuliza nimesomea wapi?

Dokta wa Mkoani:
Saa nane usiku, sijala tangu mchana, wanafunzi wananiangalia? Ningebadilisha. Lakini kwanza ningekujibu vibaya, nisikudanganye.

Zamu ya Usiku:
Jibu vibaya, badilisha. Mimi hilo naliweza.